Fizi zina usaha na meno yanacheza: je, mama ang'olewe meno yote?

Mwalimu_Newala

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, mkulima wa korosho, ambaye tunaishi naye hapa Newala. Ana kisukari na shinikizo la damu, na anatumia metformini na amlodipini kila siku.

Kwa miaka mingi fizi zake zimekuwa zikitoa damu anapopiga mswaki, lakini kwa kuwa hapakuwa na maumivu, jambo hilo halikutiliwa maanani. Sasa meno ya mbele ya chini yanacheza, yanaonekana marefu kuliko zamani na yameachana. Linalomtesa zaidi ni gego moja la chini, upande wa kulia. Fizi ya pembeni yake huvimba na kuwa nyekundu, kisha baada ya siku moja au mbili hupasuka yenyewe, hutoa usaha wenye ladha ya chumvichumvi, na maumivu hupoa. Wiki chache zikipita, hali inarudi ileile. Likivimba hawezi kutafunia upande huo. Anasema jino limekuwa kama limerefuka, kwa hiyo ndilo linaloguswa la kwanza kila anapofunga mdomo, na usiku maumivu hupigapiga mpaka sikioni. Ugali anaumeza bila kuutafuna sawasawa, na ming'oko, yaani viazi vya porini, ambayo anaipenda sana, ameiacha kabisa.

Kila linapotokea tunakwenda kwenye duka la dawa muhimu lililo karibu, tunapewa amoksilini na metronidazoli pamoja na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Anapata nafuu, halafu yanarudi. Jirani mmoja ameshauri apakwe mafuta ya ganda la korosho ili kumuua mdudu wa jino. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu neno lake ni zito, anataka meno yote yang'olewe kwa mara moja ili dada yake apumzike. Mama mwenyewe anaogopa, kwa sababu amesikia kwamba kung'oa meno ya juu kunapofusha macho, na macho yake tayari yameanza kufifia.

Naomba kujua mambo haya: kwa nini maumivu yanakuja na kuondoka ilhali anatumia dawa? Ugonjwa ukifikia hapa, kuna matibabu mengine zaidi ya kung'oa? Matibabu hayo yanauma kiasi gani kwa mtu wa umri wake? Na tumsaidieje kwa sasa, kabla hatujamfikisha hospitali?

---

Tabibu_Lindi

Marahaba Mwalimu, na mpe mama pole nyingi. Mimi ni tabibu wa meno mkoani Lindi. Kwa kuwa sijamtazama kinywani, nitaeleza jinsi ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Uamuzi juu ya kila jino utafanywa na atakayemwona.

Nianze na maumivu, maana ndiyo yanayowapotosha wagonjwa wengi. Ugonjwa wa fizi, kwa sehemu kubwa ya safari yake, hauumi. Ukoga laini unaojikusanya kwenye shingo ya jino usipoondolewa hugeuka kuwa ugaga mgumu, kwanza juu ya fizi, kisha chini yake ambako hauonekani. Fizi huvimba na kutoa damu, na mpaka hapo bado inaweza kurudi katika hali yake ya awali ikiwa kinywa kitasafishwa. Ikiachwa, hubanduka kwenye mzizi na kuacha kifuko, na mfupa unaolishikilia jino huanza kuliwa polepole. Katika kinywa chenye afya, kijiti cha kupimia huingia kati ya fizi na jino kwa milimita 1 hadi 3 tu. Kwa mgonjwa ambaye meno yake yameshaanza kucheza, si ajabu kukuta milimita 6, 7 au zaidi. Mfupa uliopotea kwa namna hiyo haurudi wenyewe. Yote hayo yanaweza kutokea kwa miaka bila mgonjwa kusikia chochote zaidi ya damu kwenye mswaki na harufu mbaya ya mdomo. Kwa hiyo mama kutoumwa miaka ile hakukuwa dalili kwamba fizi ziko salama, na hata leo, maumivu yanapopoa, ugonjwa uko palepale.

Maumivu yanapokuja katika hatua hii huwa na chanzo chake mahususi, na ni lazima chanzo hicho kitafutwe. Kwa maelezo yako, gego hilo linaelekea kuwa na jipu la fizi. Mdomo wa kifuko hujibana, usaha uliokuwa ukivuja kidogokidogo bila kuonekana hukosa njia, msukumo wa ndani hupanda, na jino huinuliwa kidogo kwenye shimo lake. Ndiyo sababu mama anahisi limerefuka. Usaha ukipata pa kutokea, msukumo hushuka na maumivu hupoa papo hapo. Lakini ugaga na bakteria walioleta jipu wamebaki kwenye mzizi, na kifuko kitajibana tena.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu dawa. Dawa ya kumeza husafiri na damu, ilhali bakteria wa kifukoni wamejificha ndani ya utando ulioshikamana na mzizi na ugaga, mahali ambapo damu haipiti. Dawa hupunguza wale waliovamia nyama ya fizi, uvimbe hushuka, na mgonjwa huamini kwamba amepona. Dozi zikirudiwarudiwa bila usaha kutolewa na mzizi kusafishwa, hakuna kinachopatikana isipokuwa bakteria wanaozoea dawa, na siku atakapozihitaji kweli huenda zisimfae. Dawa hizo zina nafasi yake: mgonjwa mwenye homa, uvimbe unaosambaa usoni au tezi za shingoni zilizovimba anazihitaji, na mwenye sukari isiyodhibitiwa anaweza kupewa pia. Hata kwake, hata hivyo, huambatana na kazi ya mikono ya tabibu wala haziichukui nafasi yake.

Maumivu ya usiku yanayopigapiga hadi sikioni yananifanya nitake jambo moja lichunguzwe, nalo ni kama neva iliyo ndani ya jino bado ni hai. Kifuko kikifika karibu na ncha ya mzizi, maambukizi yanaweza kuingia ndani ya jino kutokea chini, au jino lililooza ndani likatoa usaha wake kupitia kwenye fizi na kudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa fizi. Tabibu hupima kwa kitu cha baridi, hugongagonga jino taratibu, na hupiga picha ya eksirei kuona mfupa uliobaki. Kama neva imekufa, kusafisha fizi peke yake hakutatosha. Itabidi mzizi utibiwe kwa ndani kwanza, au jino ling'olewe.

Kuhusu matibabu, ni kweli kwamba yapo mengi kabla ya kung'oa. Msingi wake ni kukwangua ugaga juu na chini ya fizi na kulainisha uso wa mizizi, kazi ambayo kwa hatua hii hufanywa kwa sindano ya ganzi, mara nyingi robo moja au nusu ya kinywa kwa wakati mmoja. Baada ya wiki 8 hadi 12 vifuko hupimwa upya. Vilivyobaki na kina kirefu huku vikitoa damu au usaha vinaweza kuhitaji fizi kufunguliwa kwa upasuaji mdogo ili mzizi usafishwe ukionekana kwa macho. Huo hufanywa na daktari bingwa, na mara nyingi mgonjwa wa huku kwetu huandikiwa rufaa. Meno ya mbele ya chini yanayocheza huweza kufungwa pamoja kwa waya mwembamba na dawa ya kuzibia, yakasaidiana kubeba mzigo. Nimeona meno ya namna hiyo yakidumu miaka mingi kuliko mgonjwa alivyotegemea, ilimradi yasafishwe.

Kila jino huamuliwa peke yake. Jino linalocheza kidogo mbele na nyuma lina matumaini. Jino linalozama ukilibonyeza chini, ambalo mfupa wake umekwisha karibu wote, halifai kumtesa mgonjwa kwa kulihifadhi. Magego yenye mizizi miwili au mitatu huwa magumu zaidi kusafisha mfupa unapokwisha katikati ya mizizi, kwa sababu chombo hakifiki vizuri. Sitashangaa ikiwa gego hilo litang'olewa na meno ya mbele yakabaki.

Kwa sasa, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara kadhaa kwa siku na hasa baada ya kula. Aendelee kupiga mswaki laini hata panapotoa damu, kwa sababu sehemu inayokwepwa ndiyo inayozidi kuharibika. Mafuta ya ganda la korosho msiyaguse. Wanaobangua korosho kwa mikono wanajua yanavyobabua ngozi ya vidole. Juu ya fizi iliyovimba yataacha kidonda kikubwa kuliko jipu lenyewe, na hakuna mdudu wa kuuawa mle. Vivyo hivyo, kidonge cha aspirini kisiwekwe juu ya fizi, kwani huiunguza.

Msisubiri hata usiku mmoja endapo uvimbe utashuka chini ya taya au shingoni, mdomo ukashindwa kufunguka, akapata shida ya kumeza mate au kupumua, au akawa na homa na kutetemeka. Hapo ni wodi ya dharura, iwe ni mchana au usiku, kwa sababu uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

---

Muuguzi_Mikindani

Shikamoo Tabibu, na Mwalimu pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kliniki ya kisukari, na ningependa kuongeza upande huo, maana kwa mama yako magonjwa haya mawili yanalishana. Sukari ikiwa juu, kinga ya mwili kwenye fizi hupungua, vidonda huchelewa kupona, na hatari ya mfupa wa meno kuharibika huongezeka mara mbili hadi tatu ukilinganisha na mtu asiye na kisukari. Kwa upande wa pili, uvimbe wa muda mrefu kwenye fizi huufanya mwili uikatae insulini, na sukari hupanda. Utafiti uliokusanya matokeo ya majaribio mengi umeonyesha kwamba kusafishwa vizuri kwa vifuko vya fizi hushusha kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa karibu 0.4 katika asilimia zake, ndani ya miezi mitatu hadi minne. Kwa wanaokifahamu kipimo hicho, huo si upungufu wa kudharauliwa. Wapo wagonjwa wanaoongezewa dawa ya pili ili kupata badiliko lisilozidi sana hilo. Kwa hiyo muulize daktari wake wa kisukari kuhusu kipimo hicho kabla ya matibabu ya meno, kisha kirudiwe baadaye.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako ni diklofenaki inayotolewa kila mara. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hutuliza maumivu ya meno vizuri kwa mtu mwenye afya, lakini hupandisha shinikizo la damu na huweza kuumiza figo, na figo za mgonjwa wa kisukari mwenye shinikizo tayari ziko hatarini. Huchokoza pia vidonda vya tumbo. Asizitumie tena mpaka daktari anayemfahamu aangalie vipimo vya figo zake. Parasetamoli ndiyo iwe ya kwanza: kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na ini lisilo na tatizo, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane ndani ya saa 24. Kama ni mwembamba sana, dozi ipunguzwe kwa ushauri wa mhudumu. Someni pakiti kwa makini, kwa sababu dawa nyingi za mafua na za maumivu zinazouzwa kwa majina tofauti zina parasetamoli ndani yake, na mtu hujikuta amekunywa dozi mara mbili bila kujua.

Metronidazoli nayo haipatani na pombe ya aina yoyote, na huku kwetu lazima niseme waziwazi kwamba uraka wa mabibo ni pombe. Mzee akipewa dawa hiyo msimu wa korosho, aulizwe kwa heshima, na aelezwe kwamba anaweza kutapika na moyo ukamwenda mbio.

Kuhusu amlodipini: dawa za shinikizo za kundi lake, na hasa nifedipini, huweza kuifanya fizi ikue na kuwa nene, ikafunika meno na kuzuia usafi. Haimpati kila anayezitumia. Tabibu wa meno aambiwe jina la dawa hiyo, na akiona fizi imekua atawasiliana na daktari ili ikiwezekana ibadilishwe. Mama asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa shinikizo lililopanda ghafla ni hatari kuliko fizi.

Na hofu ya macho naielewa, kwa maana nimekutana nayo mara nyingi. Neva ya meno ya juu si neva ya kuonea, wala kung'oa jino hakugusi macho. Ninaamini imani hii imepata nguvu kwa sababu wazee wengi waliopoteza meno walipoteza pia uwezo wa kuona, ilhali katika wengi wao mhusika alikuwa mmoja, yaani kisukari ambacho hakijadhibitiwa, kinachoharibu fizi na kinachoharibu vilevile mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Macho ya mama yanayofifia yanahitaji kupimwa haraka, kabla na bila kujali jambo la meno. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, iliyoko Mtwara mjini, ndiyo ningeanzia kuulizia huduma zote mbili, ili msafara wa kutoka Newala uwe mmoja.

---

Mzee_wa_Masasi

Mwanangu Mwalimu, umeuliza kama matibabu yanauma, na mimi nimepitia huo ukwanguaji nikiwa na umri unaokaribiana na wa mama yako, basi nitakueleza nilivyouona.

Kinachouma ni sindano ya ganzi, nayo ni kwa muda mfupi, hasa ikichomwa karibu na kaakaa. Baada ya hapo mdomo na ulimi wa upande huo hufa ganzi, ukawa unasikia kusukumwa na kukwaruzwa, pamoja na sauti ya chuma juu ya jino inayoingia mpaka ndani ya fuvu, lakini si maumivu. Nilimwona msaidizi akipangusa kwenye pamba vipande vyeusi na vya rangi ya kahawia, vigumu, vingine vyenye ukubwa wa punje ya mtama, vilivyokuwa vimekaa chini ya fizi zangu. Damu ilitoka nyingi kuliko nilivyotazamia, kisha ikakoma.

Nitakalo mama alijue mapema ni yale ya baadaye, kwa sababu mimi sikuambiwa na nilishtuka. Siku za kwanza fizi zilikuwa na kidonda kilichotulizwa na parasetamoli. Uvimbe uliposhuka, meno yalionekana yamerefuka na nafasi kati yake zikaongezeka, na maji ya kisima ya asubuhi yalikuwa yakiniumiza kwenye mizizi kwa wiki kadhaa. Pia meno yalionekana kucheza zaidi kuliko kabla ya kwenda. Watu kijijini waliniambia kwamba nimelegezwa meno na hospitali. Nilipouliza, nikaelezwa kuwa ugaga ulikuwa umeyashikiza kama saruji inayoshikiza tofali zilizokwisha kulegea, na kwamba yangejikaza fizi zikipona. Mengi yalijikaza kweli. Mawili hayakujikaza, yakang'olewa, na mahali pake navaa meno bandia ya kuvua usiku.

Usaha uliisha. Ladha ile mbaya ya asubuhi nayo iliisha, na hilo peke yake lilinirudishia hamu ya kukaa na kuzungumza na watu kwa karibu. Narudi kusafishwa kila baada ya miezi michache, maana niliambiwa kwamba ugonjwa huu haumalizwi kwa safari moja.

---

Mwalimu_Newala

Nawashukuru sana, Tabibu, Dada Muuguzi na Mzee wangu. Nimemsomea mama maelezo yote jioni hii, na amekubali kwenda, jambo ambalo lilikuwa limeshindikana. Diklofenaki nimeiondoa ndani ya nyumba.

Yamebaki mambo mawili. La kwanza, mama anasema kwamba zamani aling'olewa jino likiwa limevimba, na ganzi haikushika kabisa. Tangu hapo anaogopa kiti cha meno kuliko ugonjwa. Je, hali hiyo inaweza kujirudia? La pili, mjomba amesikiliza kwa makini lakini bado anasema kwamba ikiwa meno yatakwisha mwishoni kwa vyovyote vile, ni heri yaondolewe sasa yote, anunuliwe meno bandia, na fedha za korosho zitumike mara moja badala ya nauli za kwenda na kurudi. Nimjibuje kwa adabu?

---

Tabibu_Lindi

Mama hakuwa akideka, na mwambie hivyo. Fizi na mfupa uliojaa usaha huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na dawa ya ganzi hufanya kazi kwa udhaifu mahali kama hapo. Zipo njia za kulikabili hilo. Sindano inaweza kuchomwa mbali na uvimbe, mahali ambapo neva inaingia kwenye taya, ili upande wote ufe ganzi. Usaha unaweza kutolewa kwanza, gego likasubiri siku chache mpaka uvimbe utulie, ndipo ling'olewe. Na kabla ya kuanza, tabibu anatakiwa kuijaribu ganzi kwa kuchokoza fizi na kumuuliza mgonjwa anasikia nini. Aeleze yaliyompata kabla hajakaa kitini. Wakubaliane kwamba akiinua mkono, kazi inasimama. Mgonjwa aliyeahidiwa hivyo na ahadi ikatimizwa hutulia kuliko aliyeambiwa avumilie.

Kwa mjomba, hoja yake ya nauli ni ya kweli, nami siichukulii kuwa ya mtu asiyejali. Mwelezeni kwanza kwamba si kweli kuwa meno yatakwisha kwa vyovyote vile. Wagonjwa wengi waliosafishwa na kurudi kila baada ya miezi mitatu au minne hubaki na meno yao mengi kwa muda mrefu sana. Pili, mfupa wa taya huendelea kupungua pale ambapo jino limeng'olewa, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Meno bandia ya juu hujishikiza kwenye kaakaa na kwa kawaida hutulia. Ya chini hayana kaakaa la kushikia, ulimi huyasukuma, na mfupa ukishapungua huwa yanaelea na kuchubua. Wenye kisukari wengi hukaukiwa mate, na bila mate meno bandia huchubua zaidi na fangasi wa mdomoni hupata nafasi. Hata meno manne au matano ya asili yaliyobaki chini ni nguzo kubwa ya kushikizia meno bandia ya sehemu. Nimewaona wazee waliong'olewa yote wakirudi na meno bandia ya chini wakiyabeba kwenye leso, hawawezi kulia ugali wala samaki. Gharama ya kuyatengeneza upya kila mfupa unapopungua nayo ihesabiwe pamoja na nauli.

Ikiwa uchunguzi utaonyesha kwamba mfupa umekwisha kwenye meno yote, nami nitakuwa upande wa mjomba, lakini uamuzi huo utoke kwenye picha na vipimo. Mwombeni atakayemwona apime vifuko jino kwa jino na kuandika, kisha awaambie ni meno yapi yanabaki, yapi yanajaribiwa, na yapi yanaondoka. Mjomba naye awepo siku hiyo ikiwezekana. Akiona picha ya mfupa kwa macho yake, mazungumzo yatakuwa mepesi kuliko ukimweleza wewe.

Gego likitolewa, aume pamba kwa nguvu kwa muda wa nusu saa, asisukutue wala kutema mate kwa nguvu siku hiyo ya kwanza ili damu iliyoganda isitoke shimoni, na kuanzia siku ya pili aanze maji ya chumvi taratibu. Maumivu yanayopungua siku hadi siku ni ya kawaida. Yakianza kupanda upya siku ya pili hadi ya nne, pamoja na harufu mbaya, shimo limekauka au limeingiwa na maambukizi, na anapaswa kurudi. Kama atapewa dawa ya kusukutulia ya klorheksidini, aitumie kwa wiki mbili hivi na si zaidi bila ushauri, kwani huyatia meno madoa, na aache nusu saa ipite kati yake na dawa ya meno.

Kuhusu usafi wa nyumbani, msuaki wa mti unafaa kama ncha yake imetafunwa mpaka ikawa na nyuzi laini, lakini haufiki kati ya meno yaliyoachana, na hapo ndipo ugonjwa wa mama ulipo. Brashi ndogo za kupitisha kati ya meno hupatikana mjini kwenye maduka makubwa ya dawa. Akiwa Mtwara mnunulieni, na mwombeni tabibu amwonyeshe akiwa ameshika kioo. Mswaki uelekezwe kwenye mpaka wa fizi na jino, ukilazwa kwa pembe ya nyuzi 45, kwa mwendo mfupi usio na nguvu.

Waende asubuhi, akiwa amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, kwa sababu mgonjwa wa kisukari aliyefunga anaweza kuishiwa nguvu kitini. Sukari na shinikizo vipimwe kabla ya sindano. Abebe daftari lake la kliniki na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani zilizobaki, na akifika mapokezi neno lake la kwanza liwe kwamba ana kisukari.